Gari linakosa nguvu mlimani: jinsi ya kujua kama tatizo ni presha ya mafuta

Gari limetoka Ngarenanyuki alfajiri likiwa na matenga ya nyanya. Kwenye tambarare linakwenda vizuri. Likianza kupanda linaguna, linavuta na kuachia, na kadiri dereva anavyokanyaga mafuta ndivyo linavyozidi kulegea. Likipumzishwa dakika kumi linawaka kana kwamba halikuwa na shida yoyote. Kila aliyesimama kando ya barabara ana jibu lake: plagi, koili, mafuta machafu, pampu. Mara nyingi pampu ndiyo inayoshinda mjadala. Fedha inatumwa mjini kwa simu, pampu ya mtumba inaletwa na bodaboda, inafungwa, na kesho yake gari linaguna kwenye mlima ule ule.

Huenda kweli pampu ilikuwa mbovu. Lakini dalili hizo hizo huletwa na filta iliyoziba, waya ulioshika kutu, kifuniko cha tangi kisichopitisha hewa, au tangi lenye mafuta kidogo. Presha ya mafuta ni kitu kinachopimika kwa geji, na geji yenyewe mara nyingi ni rahisi kuliko pampu. Makala haya yanaeleza presha inavyopimwa, namba zinamaanisha nini, na mambo gani mwenye gari anaweza kuyakagua mwenyewe kabla fundi hajafungua hata nati moja.

Presha ya mafuta ni nini

Kwa anayeishi kwenye miteremko ya Meru, njia rahisi ni kufikiria maji ya bomba yanayoshuka kijijini kutoka kwenye chanzo mlimani. Chujio la kule juu likijaa majani, maji ya bombani yanadhoofika. Bomba likitoboka katikati, ya mwisho yanadhoofika pia. Na asubuhi, watu wachache wakichota, huenda usione tatizo kabisa. Unaliona saa ile kila nyumba imefungulia.

Kwenye gari la petroli lenye mfumo wa nozeli (mafundi wengine huziita nozo), pampu ya umeme hukaa ndani ya tangi. Inasukuma petroli kupitia filta hadi kwenye bomba fupi lililo juu ya injini, ambako nozeli zimechomekwa. Kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi huita kontroli boksi, hufungua kila nozeli kwa muda mfupi sana na kuifunga. Inakadiria kiasi cha petroli kwa muda huo wa kufungua, ikiamini kwamba presha ni ile iliyopangwa kiwandani. Presha ikishuka, nozeli inafunguka kwa muda ule ule lakini petroli inayotoka ni pungufu. Hewa inakuwa nyingi, mafuta kidogo, na injini inakosa nguvu.

Jambo moja huwachanganya hata mafundi: presha na wingi ni vitu viwili. Ukiziba mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji yanaruka mbali, yaani presha ipo, lakini ndoo haijai upesi. Gari linaweza kuonyesha presha nzuri likiwa limesimama huku injini ikinguruma taratibu, kwa sababu wakati huo linakunywa kidogo tu. Likipanda mlima na mzigo, mahitaji yanaongezeka mara nyingi zaidi, na hapo filta iliyoziba nusu inajulikana. Ndiyo maana kipimo cha gari lililosimama peke yake hakitoshi kusema pampu ni nzima.

Dalili, na zile zinazofanana nazo

Presha ikiwa chini, gari huchelewa kuwaka, hasa asubuhi au baada ya kusimama kwa saa kadhaa. Linakosa nguvu ukikanyaga ghafla. Linastuka-stuka kwenye mwendo mkubwa au mlimani. Linaweza kuzima likishapata joto na kuwaka tena likipoa. Taa ya cheki injini inaweza kuwaka au isiwake.

Sasa kuna hili la kwetu ambalo vitabu vya magari havilitilii mkazo. Jiji la Arusha liko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi vya Arumeru viko juu zaidi. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, hata ikiwa mpya. Mtu anayenunua Vitz au IST Dar, akaileta Arusha na kuipandisha Ilboru au Nkoaranga, ataiona imelegea, na anaweza kuambiwa pampu imechoka. Pampu haina kosa. Tofauti ni kwamba ulegevu wa mwinuko ni wa wakati wote na ni laini: gari halistuki, halikatikati, halizimi. Ulegevu wa presha unakuja na kuondoka, na unaongezeka ukidai nguvu zaidi.

Filta ya hewa iliyojaa vumbi huleta ulegevu pia, na barabara zetu za vumbi la volkano huijaza haraka sana. Itoe uiangalie kwanza, maana ni kazi ya dakika tano. Koili au plagi mbovu kwa kawaida hufanya injini imisi, yaani silinda moja inakosa kuchoma na unasikia mtikisiko wenye mpigo unaorudiarudia, hata gari likiwa limesimama. Ekzosi iliyoziba kwenye kile kichujio cha moshi hulegeza gari mlimani karibu sawasawa na presha ndogo, na hapo ndipo geji inapookoa pesa: presha ikiwa nzuri wakati gari linalegea, achana na pampu, tafuta kwingine.

Kabla ya kufungua chochote

Anza na kiasi cha mafuta. Watu wengi huweka mafuta ya shilingi elfu kumi kumi na kutembelea taa. Gari likipanda, mafuta yote kwenye tangi huhamia upande wa nyuma, na pampu inaweza kunyonya hewa hata kama geji ya dashibodi inaonyesha kuna kitu. Hilo pekee linaleta dalili zote nilizotaja. Tena pampu hupozwa na petroli inayoizunguka na inayopita ndani yake, kwa hiyo kutembelea taa kila siku huichosha kabla ya wakati. Ongeza lita kumi, panda mlima ule ule. Gari likipona, umeokoa fedha zako.

Pili, kifuniko cha tangi. Mafuta yakipungua, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Njia ya hewa ikiziba, tangi linajivuta na pampu inashindwa. Gari likianza kulegea, simama mahali salama, fungua kifuniko taratibu. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, na gari likarudi kwenye hali yake kwa muda, kosa liko hapo. Vifuniko vilivyonunuliwa dukani bila kulinganishwa na aina ya gari, au vile vilivyozibwa kwa nailoni, ni washukiwa wa kwanza.

Tatu, sikiliza. Mtu mmoja akae karibu na kiti cha nyuma, mwingine awashe. Kwenye gari nyingi ndogo za Toyota pampu iko chini ya kiti hicho. Baadhi ya magari huendesha pampu kwa sekunde mbili hivi ukifungua swichi kabla ya kupiga stata. Toyota nyingi za zamani hazifanyi hivyo. Pampu yake huanza pale stata inapozungusha injini. Kwa hiyo kimya cha swichi peke yake si ushahidi. Ukisikia mlio laini wa mvumo, pampu inazunguka. Mlio wa kukwaruza au wa juu sana unaashiria kuchoka au kunyonya hewa.

Pampu isipozunguka kabisa, tafuta fyuzi yake, kisha rilei. Kwenye boksi la fyuzi mara nyingi kuna rilei nyingine inayofanana kabisa, kwa mfano ya honi au feni, na unaweza kuzibadilishana kwa muda ili kupima, mradi namba zilizoandikwa juu yake ni zile zile. Fyuzi ikiungua tena baada ya kubadilishwa, usiweke kubwa zaidi wala usifunge waya mtupu. Kuna waya uliochubuka au pampu inayokwama, na waya huo unapita karibu na tangi la petroli.

Kama pampu iko kimya na umeme upo, mpigo mwepesi wa kiganja au kipande cha mti chini ya tangi wakati mwenzako anapiga stata wakati mwingine huiamsha. Hilo likitokea, umepata jibu: brashi za mota yake zimeisha. Itakufikisha nyumbani, labda kesho pia, lakini usilitumie gari hilo kumpeleka mgonjwa Nkoaranga usiku.

Usalama kwanza

Mfumo wa petroli hubaki na presha hata baada ya kuzima. Ukilegeza bomba bila kuipunguza, petroli inaruka kwenye injini ya moto au machoni. Utaratibu ni huu: toa fyuzi ya pampu, washa gari liendelee hadi lizime lenyewe, piga stata mara moja zaidi, zima swichi, toa waya hasi wa betri. Kisha funika kiungo kwa kitambaa kinene unapokilegeza. Kazi ifanyike nje au mahali penye upepo, bila sigara, bila jiko la mkaa jirani, na bila taa ya moto. Tochi ya simu ishikwe mbali kidogo. Kizima moto, au walau mchanga mkavu kwenye ndoo, kiwe karibu.

Na kuna mtindo wa gereji za uchochoroni ambao haufai kukubaliwa hata kidogo: kufunga dumu la petroli juu ya boneti au ndani ya gari na kulivutia injini kwa mpira ili «kuona kama pampu ndiyo mbovu». Kwa dizeli jambo linalofanana na hilo lina nafasi yake, tutalifikia. Kwa petroli ni moto unaosubiri cheche.

Kupima kwa geji

Geji hufungwa kati ya bomba linalotoka kwenye filta na lile linaloingia kwenye nozeli, au kwenye kitundu maalumu cha kupimia kama gari linacho. Toyota nyingi hazina kitundu hicho, hivyo fundi anahitaji viungo vya kuunganishia. Kama gereji haina viungo hivyo, haijawahi kupima presha, inakisia.

Kwenye Toyota za miaka ya 1990, mfano Noah na RAV4 zenye injini ya 3S-FE, chini ya boneti kuna kiboksi kidogo chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSTIC. Ndani yake kuna vitundu vyenye majina. Swichi ikiwa imefunguliwa bila kuwasha injini, kuunganisha FP na +B kwa waya mfupi huendesha pampu moja kwa moja. Ni msaada mkubwa, kwa sababu pampu inazunguka bila injini na unaweza kusikiliza, kupima na kutafuta uvujaji kwa utulivu. Vitundu vinavyokaribiana visichanganywe, maana kosa la kitundu kimoja linaweza kuunguza kontroli boksi.

Namba sasa. Geji huandika bar, psi au kilopaskali. Bar 1 ni sawa na psi 14.5, au kilopaskali 100. Kwa injini za 3S-FE zenye bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, Toyota huelekeza psi 38 hadi 44 mpira mwembamba wa vakyumu ukiwa umechomolewa kwenye regulata. Mpira ukirudishwa, presha hushuka kiasi injini ikinguruma taratibu, na kushuka huko ni kwa kawaida. Kwa injini za baadaye kama 1NZ-FE na 1ZZ-FE, ambazo hazina bomba la kurudisha, ni psi 44 hadi 50. Injini za kabureta hutumia psi 3 hadi 5 tu, kwa hiyo usizipime kwa mategemeo ya nozeli. Gari lako likiwa la aina nyingine, tafuta namba ya aina hiyo hiyo ya injini. Imeandikwa kwenye kibao au kwenye bloku yenyewe.

Baada ya kusoma presha injini ikinguruma, zima na usubiri dakika tano. Presha inapaswa kubaki juu ya psi 21. Ikianguka mara moja, kuna mahali inavuja: vali ndogo iliyo ndani ya pampu, regulata, au nozeli inayodondosha. Gari la namna hii ndilo linalosumbua kuwaka asubuhi na baadaye kwenda salama siku nzima. Nozeli inayodondosha huleta moshi mweusi na harufu ya petroli unapowasha.

Kipimo kinachosema zaidi ni kile cha gari likiwa kazini. Geji ifungwe kwa mpira mrefu na kubanwa nje ya kioo cha mbele, isiingizwe ndani ya gari, kisha mtu apande mlima uliolalamikiwa. Presha ikibaki ilipo wakati gari linalegea, mfumo wa mafuta haukuhusika. Ikishuka kadiri dereva anavyokanyaga, kuna kizuizi au pampu dhaifu. Hapo watu wengi hukimbilia pampu, lakini kabla ya kuagiza, pima umeme unaoifikia pampu yenyewe kwa testa huku ikizunguka. Unapaswa kukaribia ule wa betri. Ukiwa pungufu kwa zaidi ya volti moja hivi, pampu ina njaa ya umeme: kiungo kimeungua, rilei imechoka, au waya wa ethi ulioshikizwa kwenye bodi umeota kutu. Barabara za matope za msimu wa masika hufanya kazi hiyo vizuri sana. Fundi akiupa pampu umeme safi kutoka kwenye betri kwa nyaya zenye fyuzi na presha ikapanda, pampu ni nzima, tengeneza nyaya.

Umeme ukiwa sawa, filta ndiyo inayofuata. Gari za zamani huwa na filta ya chuma chini ya boneti au chini ya gari. Mpya nyingi zimeiweka ndani ya tangi pamoja na pampu, na kwenye mdomo wa pampu kuna kisoksi cha kuchuja takataka kubwa. Kisoksi hicho kikijaa matope mekundu, pampu mpya utakayofunga juu yake itakufa kama ya zamani. Kupuliza filta ya petroli kwa upepo wa kompresa ni kujidanganya: karatasi ya ndani inachanika na uchafu unakwenda moja kwa moja kwenye nozeli.

Kwa mfumo wenye bomba la kurudisha, kuna jaribio la haraka la kutenganisha pampu na regulata. Banua taratibu mpira wa kurudisha, kwa sekunde chache tu, ukiangalia geji. Presha ikiruka juu sana, pampu ina nguvu na regulata ndiyo inayoachia mafuta yarudi ovyo. Isiporuka, regulata imesafishwa jina. Kazi hii ni ya mpira pekee. Bomba la plastiki litapasuka. Chomoa pia ule mpira wa vakyumu uunuse. Ukiwa na petroli ndani, ngozi ya regulata imepasuka na haihitaji mjadala zaidi.

Mwisho, wingi. Bomba la kurudisha, au bomba kuu, likielekezwa kwenye chupa yenye alama, pampu nzima inapaswa kutoa karibu nusu lita au zaidi kwa sekunde 30. Presha nzuri na mtiririko wa kudondoka ni filta au kisoksi.

Simu yako kama kipimo

Vipo vifaa vidogo vya kuchomeka chini ya usukani vinavyotuma taarifa za injini kwenye simu kwa bluetooth. Havisomi presha ya mafuta kwenye gari nyingi za petroli za kawaida, lakini vinasema jambo la karibu: kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi. Ikiwa inaongeza zaidi ya asilimia 10, na inazidi kuongeza ukipanda mlima, mafuta hayafiki ya kutosha. Ikiwa inaongeza sana gari likiwa limesimama na kupunguza ukikanyaga, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma kupitia mpira uliopasuka. Kodi ya P0171 inasema tu kwamba hewa imezidi mafuta. Haisemi pampu imekufa, ingawa wapo wanaoisoma hivyo. Sensa ya hewa iliyojaa vumbi huleta kodi hiyo hiyo. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 hayazungumzi na vifaa hivi, kwa hiyo usinunue kabla ya kujaribu cha jirani.

Dizeli ni habari nyingine

Land Cruiser za injini ya 1HZ, ambazo zinabeba sehemu kubwa ya utalii wa Arusha, pamoja na Hiace za dizeli za zamani, hazina pampu ya umeme kwenye tangi. Pampu ya nozeli iliyo kwenye injini huvuta dizeli yenyewe kutoka nyuma. Kwa hiyo tatizo kubwa huwa ni hewa: mpira uliokauka huvuta hewa bila kudondosha hata tone, na hutaona alama chini ya gari. Gari lililoegeshwa likiwa limeelekezwa mlimani usiku kucha halitaki kuwaka asubuhi, kwa sababu dizeli imerudi kwenye tangi.

Juu ya filta kuna pampu ya mkono. Gari likianza kulegea, mwenzako aipige. Injini ikirudisha nguvu kila anapopiga, kosa liko kati ya tangi na filta. Pampu hiyo ikiwa ngumu kurudi juu au ikibaki imenyonywa chini, kuna kizuizi nyuma yake. Fundi akifunga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu ya nozeli, mapovu yataonekana kwa macho. Na kwa dizeli, kuvuta kutoka kwenye dumu safi lililofungwa imara chini ya boneti, mbali na ekzosi na feni, ni kipimo halali cha dakika chache: gari likipona, matatizo yako yako kwenye tangi na mabomba. Land Rover zenye injini za Tdi zina pampu ndogo pembeni mwa injini yenye kijiko cha kupiga kwa mkono; ngozi yake ikichoka, mambo ni yale yale.

Dizeli za kisasa, kama Prado na Hilux zenye injini ya 1KD, ni hatari ya aina nyingine. Presha kwenye bomba la nozeli huanzia bar 300 hivi na kuzidi 1,500. Hakuna kulegeza nati injini ikiwa inazunguka, hakuna kupapasa kwa mkono kutafuta uvujaji. Mchirizi mwembamba kama sindano hupenya ngozi, na kidonda huonekana kidogo sana, pengine bila maumivu mwanzoni. Mtu aliyepigwa hivyo aende hospitali wakati huo huo na aseme wazi kwamba ni dizeli ya presha kubwa. Petroli za Toyota zenye maandishi D-4 nazo zina pampu ya pili ya presha kubwa juu ya injini. Magari haya yapimwe kwa mashine ya kompyuta inayosoma presha ya bomba, na kodi P0087 ndiyo inayoashiria presha pungufu.

Mafuta yenyewe

Kabla ya kuilaumu pampu, tazama inachokisukuma. Chota mafuta kidogo kutoka chini ya filta au tangi, weka kwenye chupa nyeupe, acha dakika kumi. Maji hukaa chini, na mstari unaonekana. Mafuta ya kwenye chupa na vidumu vijijini hupata maji na mchanga kwa urahisi, hata muuzaji akiwa mwaminifu. Uchanganyaji wa makusudi pia una historia hapa nchini: mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuutambua, na bajeti ya 2011/12 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli. Gari likianza kusumbua muda mfupi baada ya kujaza, usiendelee nalo. Tunza risiti ya EFD, chota sampuli ya mafuta hayo mbele ya shahidi, na upeleke malalamiko EWURA.

Likizimika mlimani

Weka jiwe kwenye matairi ya nyuma kabla ya kufungua boneti, na pembetatu za hatari mbele na nyuma. Fungua kifuniko cha tangi, sikiliza hewa. Angalia fyuzi ya pampu. Piga stata mara moja mwenzako akisikiliza nyuma. Kisha mpigie fundi na umwambie mambo manne: mafuta yako kiasi gani, pampu inalia au hailii, gari lilizima ghafla au lililegea kwanza, na lilipopoa liliwaka au halikuwaka. Kwa majibu hayo fundi aliyeko Unga Limited anaweza kuamua kama abebe rilei, filta, testa na geji, au kama ni lazima aje na pampu. Muulize pia, kabla hajapanda pikipiki, kama geji anayo.